Titani au zinki: oksidi ipi ya kuondolea rangi kwenye maji kwa nguvu ya mwanga

Maji yakiwa na asidi, au yakiwa yataishia mahali penye samaki, chukua dioksidi ya titani. Yakiwa kati ya pH 7 na 9 (pH ni kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), rangi iliyomo ikiwa ya chaji hasi, na una njia ya kupima zinki kabla ya kumwaga, oksidi ya zinki inastahili kujaribiwa, na mara nyingi itamaliza rangi mapema zaidi. Oksidi za chuma na za tungsteni ni za anayejua hasa kwa nini anazitaka. Hilo ndilo jibu la mwenye haraka. Tukisema titani au zinki kwa kifupi tunamaanisha oksidi yake, isipokuwa pale zinki inapotajwa kama kitu kilichoyeyuka majini.

Wengi huchagua kwa kutazama mchoro mmoja tu: rangi imefifia kwa dakika ngapi. Mchoro huo hauonyeshi chembe zitatolewaje majini baada ya kazi, haionekani humo kama kichocheo chenyewe, yaani poda ya oksidi, kinayeyuka, wala kama rangi imeteketea au imebadilika tu kuwa kitu kisichoonekana kwa macho. Ndiyo maana hapa kasi tumeiweka nyuma, na pH tumeiweka mbele.

Kanuni ni moja kwa zote mbili

Fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati inayozidi pengo la nishati la oksidi (nishati ya chini inayotosha kuirusha elektroni) ikigonga chembe ya poda, elektroni huruka ngazi ya juu na kuacha tundu lenye chaji chanya. Tundu hilo likikutana na maji au haidroksidi iliyonata kwenye uso wa chembe, huzaa radikali ya haidroksili, ambayo ina njaa ya elektroni kiasi cha kushambulia karibu molekuli yoyote ya kaboni iliyo jirani. Elektroni nayo hupokewa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Visipopata wa kuvipokea upesi, elektroni na tundu hurudiana na nishati yote huishia kuwa joto. Fotoni nyingi hupotea kwa njia hiyo, na mbinu karibu zote za kuboresha kichocheo zinalenga kuzuia marudiano hayo.

Zinki ina sifa moja nzuri hapa: elektroni husafiri ndani yake kwa wepesi mkubwa zaidi kuliko ndani ya titani, na hiyo ni sababu mojawapo ya kufifisha rangi haraka katika majaribio mengi. Lakini tundu lilelile linalotakiwa kushambulia rangi linaweza kugeuka na kushambulia oksidi yenyewe, likaachia ayoni za zinki majini. Titani haina tabia hiyo. Katika jedwali, eV ni elektronivolti, kipimo cha nishati; nm ni nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga; anatasi na rutili ni maumbo mawili ya fuwele za dioksidi ya titani; na pH ya chaji sifuri ni ile ambayo uso wa chembe hauna chaji chanya wala hasi.

| Jambo | Dioksidi ya titani | Oksidi ya zinki |
|---|---|---|
| Pengo la nishati | eV 3.2 (anatasi), eV 3.0 (rutili) | takriban eV 3.2 hadi 3.4 |
| Mwisho wa mwanga inaoutumia | nm 388 (anatasi), nm 413 (rutili) | takriban nm 365 hadi 388 |
| pH ya chaji sifuri | takriban 6 hadi 6.5 | takriban 9 |
| Kwenye asidi | haiyeyuki | huyeyuka |
| Kwenye alkali kali | hustahimili | huyeyuka, pH 11 au 12 na kuendelea |
| Kinachoweza kubaki majini | chembe | chembe pamoja na ayoni za zinki |

pH ndiyo inayoamua

Rangi isiyofika kwenye uso wa chembe haiondoki upesi, kwa sababu radikali ya haidroksili haiishi muda wa kutosha kwenda mbali. Kinachoivuta au kuisukuma rangi ni chaji. Chini ya pH ya chaji sifuri, uso wa chembe una chaji chanya na huvuta rangi hasi. Juu ya hapo uso ni hasi na huvuta rangi chanya.

Sasa zilinganishe katika pH 8. Titani tayari ni hasi: bluu ya methilini, ambayo ni chanya, itaisogelea, lakini methili oranji, nyekundu ya Kongo na rangi za reaktivu zinazotumika kwa pamba, ambazo ni hasi, zitasukumwa. Zinki katika pH hiyohiyo bado ni chanya, kwa hiyo rangi hasi huiendea. Mtu akijaribu poda hizi mbili kwa methili oranji katika pH 8 ataapa kwamba zinki ni bora. Akirudia kwa bluu ya methilini, pengine ataapa kinyume. Mara zote mbili amepima chaji zaidi ya kupima kichocheo.

Majitaka ya kutia pamba rangi za reaktivu hutoka yakiwa na alkali, mara nyingi pH 10 au 11, yamejaa chumvi na kabonati. Hapo poda zote mbili ni hasi na rangi ni hasi, kwa hiyo hakuna anayefurahi. Njia ni mbili: ishushe pH hadi 8 hivi na utumie zinki, au ishushe hadi kati ya 4 na 5 na utumie titani. Ya pili inakula asidi nyingi, ila ina faida ambayo hutajwa mara chache. Kabonati na baikabonati hula radikali za haidroksili, na chini ya pH 4.5 hivi karibu zote hugeuka kuwa kaboni dioksidi na kutoka kama mapovu ukipuliza hewa. Unatengeneza chaji na kumwondoa mlaji kwa tendo moja. Tia asidi polepole, chombo kisizidi theluthi mbili, maana povu hupanda ghafla. Asidi ya salfuriki ni afadhali kuliko ya hidrokloriki kwa kazi hii, kwa kuwa kloridi ikiwa kwenye mazingira ya asidi nayo hula radikali. Lakini ikiwa maji yenyewe tayari yamejaa chumvi ya kawaida, tofauti hiyo haitaonekana.

Fosfeti ni habari nyingine. Hunata kwenye titani na kukalia nafasi ambazo rangi ingekalia. Ndiyo maana usitumie bafa ya fosfeti kushikilia pH wakati wa jaribio. Utapata matokeo dhaifu na utailaumu poda bure.

Zinki inapoyeyuka

Hapa ndipo watu huangukia, kwa hiyo tupige hesabu. Gramu 1 ya oksidi ya zinki ina miligramu 803 za zinki. Ukitumia gramu 1 kwa lita na asilimia 1 tu ikayeyuka, maji yana takriban miligramu 8 za zinki kwa lita. Kwa ulinganisho, kigezo cha wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, cha kulinda viumbe wa maji baridi ni mikrogramu 120 kwa lita, kwa maji yenye ugumu wa miligramu 100 kwa lita. Ili kubaki chini yake, kiasi kinachoruhusiwa kuyeyuka hakifiki hata asilimia 0.02 ya poda uliyoweka. Hata bila mwanga wala asidi, oksidi ya zinki huyeyuka miligramu chache kwa lita katika maji ya kawaida. Maana yake ni kwamba kwa maji yanayokwenda mtoni au ziwani, zinki haitoshi peke yake. Itahitaji hatua ya kukamata ayoni baadaye, kwa mfano kupandisha pH hadi kati ya 9 na 10 ili zinki igande na kutuama, kisha kuchuja.

Asidi nayo ina mtego wake. Maji safi yaliyotiwa asidi hadi pH 4 yana ayoni chache za haidrojeni: yatayeyusha takriban miligramu 3.3 za zinki kwa lita, kisha asidi imekwisha na pH imepanda yenyewe kuelekea 7. Katika pH 3 ni takriban miligramu 33. Kwa hiyo ukisoma kwamba zinki ilifanya vizuri katika pH 4, jiulize kama pH ilipimwa pia mwishoni. Huenda dakika 10 baada ya kuweka poda jaribio lilikuwa tayari katika pH ya kati. Lakini maji yenye asidi ya asetiki na asetati, kama yale ya kutia rangi nailoni au sufu, ni bafa. Yanaendelea kutoa asidi kila inapotumika. Kuyeyusha gramu nzima ya oksidi ya zinki kwa lita kunahitaji milimoli 25 tu za asidi, na maji ya aina hiyo yanaweza kuwa nazo. Poda inatoweka mbele ya macho yako, na maji yanakuwa meupe safi kwa sababu isiyo nzuri hata kidogo.

Dalili za kuangalia: pH inayopanda bila kuguswa, poda inayopungua uzito kila mzunguko hata baada ya kuioka, na kasi inayoshuka mzunguko baada ya mzunguko. Uzito peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu chembe ndogo hupotea pia unapomimina maji. Kipimo cha kuaminika ni zinki yenyewe ndani ya maji yaliyochujwa. Spektromita ya ufyonzaji wa atomi ya mwali wa moto, katika nm 213.9, inatosha.

Titani ipi?

Neno titani peke yake halitoshi unapoagiza poda. Titani ya kutia weupe kwenye rangi za ukutani kwa kawaida ni rutili iliyofunikwa kwa silika au alumina makusudi ili isifanye kazi ya kichocheo, maana ingekula rangi ya ukuta. Ukiinunua hiyo utakesha bila matokeo. Unayoitaka ni anatasi isiyofunikwa, au mchanganyiko wa anatasi na rutili. Kipimo ambacho karibu kila maabara hulinganisha nacho ni P25, iliyokuwa ya Degussa na sasa ni ya Evonik: takriban asilimia 80 anatasi na 20 rutili, chembe za nanomita 21 hivi, eneo la uso takriban mita za mraba 50 kwa gramu. Si bora kuliko zote kwa kila rangi, ila inatabirika, na kutabirika ni nusu ya kazi.

Ukioka anatasi, usizidi nyuzi 500 au 550 za selsiasi. Kuanzia takriban nyuzi 600 hugeuka taratibu kuwa rutili, chembe hukua, na eneo la uso huporomoka.

Taa gani, jua lipi

Taa ya nm 365, iwe ya neli au ya LED, huziamsha zote mbili. LED nyingi zinazouzwa kama za urujuanimno (UV) kwa kweli ni za nm 395 hadi 405. Kwa mwanga huo zinki hailali tu bali haiamki kabisa, anatasi inasinzia, na P25 inafanya kazi kidogo kupitia sehemu yake ya rutili. Kabla ya kulaumu kichocheo, soma urefu wa wimbi kwenye karatasi ya taa.

Taa za nm 254 zinafanya kazi, ila zinaleta mambo mawili mapya: lazima mwanga upite kwenye kwatzi, kwa kuwa kioo cha kawaida huuzuia, na mwanga huo wenyewe huvunja baadhi ya rangi bila poda yoyote. Kwa nm 365, kioo cha borosilikati kinatosha. Polikaboneti huzuia urujuanimno, kwa hiyo kifuniko chake juu ya chombo ni sawa na kuzima taa.

Jua lina urujuanimno kidogo, kati ya asilimia 3 na 5 hivi ya nishati yake inayofika ardhini. Inatosha kwa poda zote mbili maji yakiwa ya rangi hafifu na kina kifupi: sentimita 2 hadi 5 za maji kwenye trei pana hushinda ndoo iliyojaa. Rangi yenyewe nayo ni kivuli. Maji yenye miligramu 100 za rangi kwa lita yanaweza kumeza urujuanimno wote katika sentimita ya kwanza, na chembe zilizo chini zikabaki gizani. Kuongeza poda hapo hakusaidii. Punguza kina, au yazimue maji.

Kwa sababu ya uhaba huo wa urujuanimno ndipo oksidi za rangi huingia kwenye mjadala. Oksidi ya tungsteni ina pengo la takriban eV 2.7, inafika nm 460. Oksidi ya chuma ya hematiti ina eV 2.2, inafika nm 560 hivi. Kwenye karatasi zinavutia. Katika maji, elektroni ya tungsteni haina nguvu ya kutosha kuirukia oksijeni kwa hatua ya kawaida ya elektroni moja, kwa hiyo inarudi kwa tundu lake, isipokuwa ukiipa msaidizi kama platini au peroksidi ya haidrojeni. Na katika alkali tungsteni huyeyuka. Kwenye hematiti, tundu husafiri nanomita chache tu kabla ya kufa. Hematiti ikionekana kufanya vizuri pamoja na peroksidi, mara nyingi ni kazi ya aina ya Fenton, ya chuma na peroksidi, mwanga ukiwa mgeni mwalikwa. Si vibaya, lakini usiihesabu kuwa ni fotokatalisti, yaani kichocheo cha mwanga.

Jaribio la kulinganisha poda zako mwenyewe

Matokeo ya mwingine hayahamishiki kirahisi, maana taa, chombo na maji hutofautiana. Jaribio la nusu siku linakupa jibu la kwako.

Pima miligramu 100 za rangi, yeyusha katika lita 1 ya maji yaliyotolewa ayoni. Kama ni bluu ya methilini yenye maji ya fuwele matatu, pima miligramu 117 ili upate miligramu 100 za rangi kavu. Chukua mililita 20 za mmumunyo huo, ongeza maji hadi mililita 200: sasa una miligramu 10 kwa lita. Mimina kwenye bika pana ya borosilikati. Weka gramu 0.2 za poda, yaani gramu 1 kwa lita. Ukiweza, pitisha kwenye mawimbi ya sauti kwa dakika 5 ili mabonge yavunjike. Pima poda mahali pasipo na upepo ukiwa umevaa barakoa ya chembe ndogo. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka titani inayovutwa kwa pumzi katika kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na mapafu hayapendi vumbi lolote la nanomita.

Koroga gizani kwa dakika 30 kwa kikorogeo cha sumaku, kisha chukua sampuli. Endelea dakika 15 nyingine na uchukue tena. Namba zikilingana, rangi imemaliza kunata. Zikizidi kushuka, subiri. Hatua hii watu huiruka, halafu wanahesabu rangi iliyonata kana kwamba imeteketezwa. Namba ya mwisho ya gizani ndiyo C0 yako, yaani kiwango cha kuanzia, siyo miligramu 10 ulizoanza nazo.

Washa taa. Kama ni taa ya neli, iwe imewashwa dakika 15 kabla na kuzibwa, kwa sababu inapokuwa baridi mwanga wake haujatulia. Puliza hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, na funika macho kwa miwani ya urujuanimno. Chukua mililita 4 katika dakika 0, 10, 20, 30, 45, 60 na 90. Tenganisha poda kwa sentrifuji, mizunguko 10,000 kwa dakika, dakika 10. Vichujio vya nailoni na selulosi nitreti hunatisha bluu ya methilini. Ukilazimika kuchuja, pitisha kwanza rangi isiyo na poda na uone kama namba imeshuka.

Soma kwa spektrofotomita: bluu ya methilini nm 664, methili oranji nm 464 katika maji yasiyo na asidi, rodamini B nm 554. Bluu ya methilini ya miligramu 10 kwa lita hufikia ufyonzaji wa 2 hivi kwenye kiseli (kichupa cha kupimia) cha sentimita 1, ambapo vifaa vingi huanza kudanganya, kwa hiyo zimua mara mbili au zaidi. Chora ln(C0/C) dhidi ya muda, C ikiwa kiwango cha rangi kwa wakati huo. Ukipata mstari ulionyooka, mteremko wake ni k, yaani kipimo cha kasi, na nusu ya rangi huondoka kwa muda wa 0.693 ÷ k. Kwa mfano, k ikiwa 0.03 kwa dakika, nusu inaondoka kwa dakika 23, na kuondoa asilimia 99 kunahitaji dakika 154. Mkunjo mwishoni ni wa kawaida: vipande vilivyovunjika vinagombea uso uleule na rangi iliyobaki.

Pamoja na kila poda endesha jaribio la mwanga bila poda, na jingine la poda bila mwanga. Bila hayo mawili huna ulinganisho, una picha tu za bika.

Kiasi cha poda ukitafute baadaye: jaribu gramu 0.25, 0.5, 1, 1.5 na 2 kwa lita. Kasi hupanda, hutulia, kisha hushuka chembe zinapoanza kujifunika kivuli zenyewe. Simama pale inapoanza kutulia. Zaidi ya hapo unanunua tope la kuchuja.

Rangi imeisha, lakini je, imekwisha?

Bluu ya methilini ina mzaha mbaya. Oksijeni ikipungua, elektroni hazina wa kuzipokea isipokuwa rangi yenyewe, na rangi hugeuka kuwa umbo lake lisilo na rangi. Bika inakuwa nyeupe, mpimaji anafurahi, sampuli inakaa mezani ikipata hewa, na bluu inarudi. Ukiona hivyo, hukuteketeza kitu.

Na oksijeni huisha upesi kuliko inavyodhaniwa. Kuteketeza molekuli 1 ya bluu ya methilini hadi kaboni dioksidi, maji, nitreti na salfeti kunahitaji molekuli 25.5 za oksijeni. Miligramu 10 za rangi kwa lita zinahitaji takriban miligramu 25.5 za oksijeni kwa lita, ilhali maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana 8 hivi. Upulizaji wa hewa si pambo la jaribio.

Rodamini B ina namna yake: hupoteza vikundi vya ethili kimoja baada ya kingine, na kilele husogea kutoka nm 554 kuelekea 498. Ukisoma nm 554 pekee utaona anguko zuri wakati maji yamegeuka kutoka waridi kuwa manjano ya kijani. Piga mchoro mzima wa nm 200 hadi 700. Rangi za azo (zenye kiungo cha nitrojeni mbili) zikikatika katikati zinaweza kuacha amini za aromatiki, ambazo baadhi ni mbaya kuliko rangi yenyewe. Kwa maji yatakayomwagwa, pima jumla ya kaboni ogania au COD (oksijeni inayohitajika kuoksidisha vilivyomo kwa kemikali), na uendelee kumulika hata rangi ikishatoweka. Mara nyingi kaboni huchukua muda mara kadhaa ya ule wa rangi.

Kuna pia udanganyifu wa mwanga wa kuonekana. Rangi yenyewe humeza mwanga na kuimwagia titani elektroni, kisha ikaharibika. Poda haikufanya kazi yake, ilipokea tu. Anayedai poda yake inafanya kazi bila urujuanimno aijaribu kwa fenoli, isiyo na rangi.

Chembe huru au zilizobandikwa

Chembe zinazoelea zina kasi zaidi, kwa titani na kwa zinki. Tatizo ni kuzitoa. Kwa titani, rekebisha pH hadi 6 au 7, karibu na chaji sifuri, chembe zishikane, kisha acha itulie usiku kucha. Maji ya juu yatahitaji bado kichujio cha mikromita 0.2 kama hutaki ukungu. Zinki yenye chembe kubwa hutuama kirahisi zaidi, ila ile ya nanomita inasumbua vilevile. Mashapo yake usiyamwage. Yakaushe na uyatunze kama taka ya metali.

Ukitaka kubandika, titani ndiyo ya kubandikwa. Koroga gramu 3 hadi 5 za P25 katika mililita 100 za maji yaliyotiwa asidi ya nitriki hadi pH 3.5, chovya kioo cha borosilikati kilichosafishwa, kausha nyuzi 100, oka nyuzi 450 kwa saa 1, rudia mara tatu au nne. Kioo cha kawaida cha dirisha hutoa sodiamu kikiokwa, nayo huua anatasi. Bandika utepe wa gundi juu yake na uubandue: ukitoka mweupe, utando hautadumu kwenye maji yanayotiririka. Tarajia kasi ndogo kuliko ya poda huru, kwa kuwa maji lazima yaifuate poda ilipo. Utando wa zinki hulika kutoka ubavuni na chini, na siku moja hubanduka kwa vipande.

Peroksidi ya haidrojeni inaweza kuongeza kasi kwa zote mbili kwa kupokea elektroni. Anza na milimoli 5 kwa lita, ambayo ni mililita 0.1 ya peroksidi ya asilimia 30 kwa mililita 200. Ikizidi sana nayo hula radikali na kasi inarudi chini. Ikibaki majini hupandisha namba ya COD kwa uongo, kwa hiyo iondoe kabla ya kupima.

Kwa maji mazito ya zaidi ya miligramu 100 za rangi kwa lita, yenye chumvi nyingi na wanga wa kutia nguo ugumu, usianze na yoyote kati ya hizi. Gandisha na tuamisha kwanza, au pitisha kwenye matibabu ya bakteria, na ulete mwanga mwishoni kwa rangi iliyokataa kuondoka. Titani ikichoka na kuwa ya kahawia, ioshe kwa maji moto na uioke nyuzi 400 kwa saa 2. Mara nyingi inarudi kuwa nyeupe. Zinki ikichoka, ipime uzito kwanza kabla ya kuwasha tanuri, na upime pia zinki iliyomo kwenye maji ilimotoka.